Andalio la somo linapomsahau mtoto

Mwalimu wa Sayansi amechora ubaoni mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Anashika rula ndefu, anageukia mchoro na kuanza kueleza: "Chakula kinaingia hapa, kinashuka huku, kikifika hapa kinachanganywa na hii, halafu kinapita pale." Rula inatembea na watoto wa mbele wanaifuata. Mwanafunzi asiyeona aliyekaa dawati la pili amesikia hapa, huku, hii na pale, na somo lenyewe limempita. Mwenzake kiziwi, karibu na dirisha, ameambulia mgongo wa mwalimu. Mtoto mwenye ualbino, ambaye hata akikaa mbele maandishi ya ubaoni hayasomi, anasubiri jirani amalize kunakili ili aazime daftari. Na huko nyuma, safu ya nane na ya tisa, wapo wengi wasio na ulemavu wowote ambao nao hawajui "hapa" ni wapi, kwa kuwa vichwa vya wenzao vimewaziba.

Somo lilelile lingeweza kusemwa hivi, mwalimu akiwa amelitazama darasa: "Chakula kinaingia mdomoni, kinateremka kwenye umio, kinafika tumboni, kisha kinaingia utumbo mwembamba, ambako nyongo kutoka kwenye ini inasaidia kuyeyusha mafuta." Kila kiungo kimetajwa kwa jina lake. Watoto wanakigusa mwilini mwao pale kinapogusika, koo kwa kidole, tumbo kwa kiganja. Maneno makuu yako ubaoni kwa herufi kubwa, na mwalimu anayasoma kwa sauti kila anapoyaandika. Kipindi hakijarefuka wala hapajanunuliwa kitu. Aliyekuwa dawati la pili amepata somo, na safu ya tisa imepata pia.

Wataalamu wanauita utaratibu huu usanifu kwa wote. Maana yake ni kwamba kitu, kiwe jengo, kitabu au kipindi cha dakika arobaini, kinapangwa tangu mwanzo kikiwafikiria watu wa kila namna watakaokitumia, badala ya kupangwa kwa ajili ya mtu mmoja wa kufikirika na kisha kuwekewa viraka kila anapotokea mwingine.

Fikra yenyewe ilianzia kwenye ngazi za majengo. Ronald Mace, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1941, aliugua polio akiwa na umri wa miaka tisa na tangu hapo akawa anatumia kiti mwendo. Alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na kuhitimu mwaka 1966, na katika miaka hiyo yote ilibidi abebwe kupanda na kushuka ngazi ili afike darasani. Milango ya vyoo vya chuo haikuruhusu kiti chake kupita. Kijana anafundishwa kuchora majengo ndani ya jengo lisilomtaka. Alipokuwa mtaalamu alishiriki kuandika kanuni za ujenzi za jimbo lake zilizojali watu wenye ulemavu, na ndiye aliyeupa usanifu kwa wote jina lake. Mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, yeye na wenzake walitoa kanuni saba ambazo wasanifu wanazitumia hadi leo.

Walioipeleka fikra hiyo kwenye masomo ni watafiti wa kituo kiitwacho CAST, kilichoanzishwa Massachusetts mwaka 1984, wakiwamo Anne Meyer na David Rose. Walianza kwa kutumia kompyuta kumsaidia mtoto mmojammoja mwenye ulemavu aweze kukisoma kitabu cha shule. Kadiri kazi ilivyosonga walianza kukitazama kitabu chenyewe kwa jicho jingine. Kitabu cha karatasi hakijisomi kwa sauti. Hakikuzi herufi zake, wala hakiwezi kumrudishia msomaji neno lililomchanganya. Wakafikia hitimisho kwamba mwenye ulemavu ni mtaala, na huo ndio unaopaswa kurekebishwa. Kutokana na hapo wakajenga mwongozo wao: mwanafunzi apewe zaidi ya njia moja ya kulipata somo, zaidi ya njia moja ya kuonyesha alichokielewa, na zaidi ya sababu moja ya kutaka kujifunza. Mwongozo huo ulichapishwa mwaka 2008 na umekuwa ukirekebishwa tangu wakati huo, mara ya karibuni mwaka 2024.

Kwa watu wa pwani, kuna mfano ulio karibu zaidi kuliko Massachusetts, nao ni chuo cha Qur'ani. Mkekani kila mtoto ana mahali alipofika: huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Mwalimu anamsikiliza mmoja baada ya mwingine, na aliyetangulia anamsomesha mdogo wake. Mtoto anayekwenda polepole hafukuzani na mtu. Na kwa kuwa kila kitu kinapita kwa sauti, asiyeona amekuwa akikaa kwenye mkeka uleule na wenzake, akihifadhi sura baada ya sura, na mara nyingi akawashinda. Hakuna aliyekaa kikao kuupanga mkeka kwa ajili yake. Lakini mlango wa elimu pale ni sikio, naye sikio analo. Mtoto kiziwi ndiye anayebaki nje. Shule zetu za serikali zimeweka mlango mmoja pia, ila zenyewe zimeuweka kwenye jicho: ubao, daftari, kitabu, karatasi ya mtihani. Ukiyaweka madarasa hayo mawili kando kwa kando unaona kwamba mtoto yuleyule ni mwanafunzi hodari saa kumi jioni na ni mzigo saa tatu asubuhi, wakati yeye mwenyewe hajabadilika.

Kisheria hatuko nyuma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unautaja usanifu kwa wote kwa jina na kuwapa watu wenye ulemavu haki ya elimu jumuishi. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na mwaka uliofuata Tanzania ikawa na Sheria yake ya Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka dola iendeleze lugha ya alama na maandishi ya nukta nundu. Karatasi ziko sawa.

Kinachofanyika shuleni mara nyingi ni kitengo. Shule ya msingi ya kawaida inapewa chumba kimoja pembeni, mwalimu mmoja au wawili waliosomea elimu maalumu, na watoto wanaojulikana shule nzima kama "watoto wa kitengo". Sitaki kuwadharau walimu hao. Wengi wao wanafanya kazi ya watu wanne, kuanzia kufundisha hadi kuwavusha watoto barabara jioni. Tatizo ni kwamba shule iliyobaki inajiona imemaliza wajibu wake. Mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano haandiki andalio la somo lake akimfikiria mtoto wa kitengo, kwa sababu mtoto huyo ana mwalimu wake. Siku mwalimu wa kitengo anapohamishwa, kila kitu kinahama naye.

Hoja inayotolewa dhidi ya usanifu kwa wote, na ni hoja ya watu wenye nia njema, ni kwamba haya ni mambo ya nchi zenye madarasa ya watoto kumi na tano. Tangu Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ilipoanza elimu bila malipo hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yamefurika. Mwalimu ana watoto themanini, pengine zaidi ya mia, na chaki. Atampangia nani njia ya peke yake?

Mimi naiona hoja hiyo ikisimama upande wa pili. Mwenye watoto kumi na tano anaweza kupanga somo vibaya akaokoa jahazi kwa kuzunguka, akainama kwenye kila dawati na kumweleza kila aliyeachwa. Mwenye themanini hana nafasi hiyo. Hata njia ya kupita kati ya madawati hana. Somo lake lisipofunguka kwa wengi tangu linapoanza, halitafunguka tena.

Tuchukue sehemu katika Hisabati, mada inayowaangusha watoto wengi. Mwalimu anaandika ubaoni 1/3 na 1/4 na kuuliza ipi kubwa. Darasa zima linajibu 1/4, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu, na watoto wana haki ya kufikiri hivyo kwa kuwa tarakimu ndicho kitu pekee walichoonyeshwa. Sasa gawa watoto themanini katika makundi ya wanane wanane. Kila kundi linapata karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la zamani, zenye urefu sawa. Moja inakunjwa iwe sehemu tatu sawasawa, nyingine sehemu nne. Asiyeona anapitisha kidole kwenye mkunjo na kupima kipande kwa upana wa vidole. Kiziwi anaona. Anayechelewa kuelewa anakunja tena, na tena, bila mtu kumcheka. Aliyeelewa upesi anaulizwa 1/8 itakuwaje na anapata kazi ya kumshughulisha. Mwishoni kila kundi linaeleza kwa njia yake kwamba vipande vikiwa vingi kila kimoja kinakuwa kidogo: huyu kwa maneno, yule kwa kuchora, mwingine kwa kuinua karatasi yake juu. Baada ya hapo ndipo tarakimu zinarudi ubaoni, na safari hii zina maana.

Somo hilo limewabeba watoto wenye ulemavu bila kuwataja kwa jina la ulemavu wao, na limewabeba hao sabini na kitu wengine ambao wangekariri jibu wasilolielewa. Kwa kipimo hichohicho naupima mpito wa kwenda sekondari nchini Tanzania. Mtoto amesoma usanisinuru kwa Kiswahili darasani na anaweza kukueleza jani linafanya nini na mwanga wa jua. Akifika kidato cha kwanza jani ni lilelile lakini maelezo yote ni kwa Kiingereza, na anaanza kuonekana mjinga. Lugha ya kufundishia nayo ni ngazi, na wanaoikwea kwa kubebwa ni wengi kuliko watumiaji wote wa viti mwendo nchini. Faharasa ya lugha mbili ukutani na ruhusa ya kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza ni usanifu kwa wote uleule.

Kwenye majengo ndiko tunakojitahidi kuonekana. Shule mpya nyingi zina mteremko wa kiti mwendo mlangoni. Ila angalia vipimo. Kanuni inayotumika sana duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Baraza lililoinuka sentimita 45, yaani vidato vitatu tu, linahitaji mteremko wa mita 5 na sentimita 40. Mafundi wengi wanamwaga zege la mita moja na nusu na kuondoka. Mtoto hawezi kulipanda peke yake, na akiachiwa kushuka anaweza kupinduka. Halafu kuna choo. Shule inaweza kuwa na mteremko mzuri darasani na choo cha mlango mwembamba kilichopandishwa juu ya ngazi, na msichana wa kiti mwendo akajifunza kutokunywa maji tangu asubuhi hadi kengele ya kurudi nyumbani. Mlango mpana uliochorwa kwenye ramani hauongezi gharama ya kuhesabika. Kuubomoa ukuta baada ya jengo kukabidhiwa ni bajeti nyingine, na bajeti hiyo haiji.

Vitabu vina habari njema zaidi. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida ukigeuzwa kuwa nukta nundu unakuwa kurasa mbili au tatu nene, hivyo kitabu kimoja cha kiada kinakuwa majuzuu kadhaa ya kubebwa na mtu mzima. Ndiyo maana kwa miaka mingi wanafunzi wanne au watano wasioona wamekuwa wakipokezana nakala moja. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, umeondoa kikwazo cha hakimiliki: kitabu kinaweza kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, na nakala hizo zikavuka mpaka. Nchini Kenya shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa limekuwa likiwagawia wanafunzi Orbit Reader, kifaa cha kushika mkononi chenye safu ya vinundu ishirini vya nukta zinazoinuka na kushuka, ambacho kadi yake ndogo inabeba vitabu vingi kuliko kabati la shule. Kampuni ya eKitabu ya Nairobi imetengeneza hadithi za video kwa lugha ya alama. Kwenye kompyuta, programu ya NVDA, iliyoanzishwa na kijana asiyeona wa Australia mwaka 2006, inasoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini na haiuzwi.

Lakini vyombo vyote hivyo vinakwama kwenye tabia moja ndogo. Mwalimu anaandika nukuu kwenye daftari, anazipiga picha kwa simu na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kwa programu inayosoma skrini, picha ile kwa kawaida ni ukurasa mtupu. Vivyo hivyo kitabu kilichoskaniwa kikawekwa mtandaoni: kinaonekana kitabu, lakini ndani yake hakuna herufi hata moja ambayo mashine inaweza kuitamka. Maneno hayohayo yakichapwa, asiyeona atayasikiliza, mwenye uoni hafifu atayakuza, na mzazi mwenye simu ndogo na bando la mia tano atayapakua bila kulalamika. Mchapishaji tayari anayo maandishi yaliyochapwa, maana hakuna kitabu siku hizi kinachoandaliwa bila kompyuta. Mkataba wa kununua vitabu vya kiada ungeweza kumtaka akabidhi faili hilo siku ileile anapokabidhi maboksi ya vitabu.

Lipo eneo ambako shauku ya usanifu kwa wote inabidi ishikwe mkono. Watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na hufika shuleni wakiwa hawana lugha yoyote kamili, ya sauti wala ya alama. Shule ya Viziwi Tabora, iliyoanza mwaka 1963, na ile ya Buguruni jijini Dar es Salaam, iliyofuata mwaka 1974, zimekuwa mahali ambapo mtoto anakutana kwa mara ya kwanza na wenzake wanaozungumza kwa mikono, na lugha inamwingia kwa kucheza na kugombana nao. Kumtoa huko na kumweka peke yake kwenye darasa la themanini, hata lenye michoro mizuri, pasipo mwalimu wala mwenzake anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, na kisha kuandika kwenye ripoti kwamba amejumuishwa, ni kumdhulumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wenyewe unasema usanifu kwa wote hauondoi vifaa saidizi vya makundi maalumu pale vinapohitajika. Asiyeona bado anahitaji mtu wa kumfundisha nukta nundu, kidole kwa kidole. Wahitimu wa Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, wanaofunzwa elimu maalumu, watahitajika zaidi, kwa sababu shule nzima itakuwa inawauliza maswali.

Kisha kuna mtihani, na hapa ndipo naona kazi kubwa iliyobaki. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu, na wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa. Muda pia huongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ni hatua za heshima, na kuna watu walizipigania. Lakini swali lenyewe linabaki lilivyotungwa kwa ajili ya mtu anayeona na anayeandika haraka.

Chukua swali la Biolojia linalosema: chora moyo wa binadamu na utaje sehemu zake. Linapima nini? Likiwa linapima uelewa wa jinsi damu inavyozunguka, asiyeona anaweza kuieleza safari hiyo kutoka chumba hadi chumba, valvu kwa valvu, kwa ufasaha unaozidi wa mchoraji. Likiwa linapima uchoraji, basi liseme hivyo na liwekwe mahali pake. Mtunga swali akilazimika kuandika kwanza, kwa sentensi moja, kile anachotaka kukipima, maswali mengi yangebadilika kabla hayajafika kwa mchapaji, na mtoto mwenye mkono unaotetemeka, au yule ambaye herufi zinamchezea machoni, asingepoteza alama kwa kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumpima. Walimu wetu hufundisha kile kitakachoulizwa, na hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa wao na shule zao hupangwa kwa matokeo. Swali la mtihani wa taifa likiruhusu "chora au eleza", mwalimu wa Sayansi aliye mbali na semina zote ataanza kueleza, na atataja umio kwa jina lake bila kusubiri mradi wala mfadhili.